Waya Mweusi: Taa za Trela kati ya Kitale na Bungoma

Trela ya zamani ikiletwa kibandani kwangu bila taa, simuulizi mwenyewe taa zilizimika lini. Namuuliza trela aliinunua wapi. Ikiwa ilitoka shamba kubwa upande wa Endebess na kuuzwa kwa mnada, kuna ugonjwa ninaoutarajia. Ikiwa ilikuwa ya kubeba miwa Bukembe, ni ugonjwa mwingine kabisa. Na ikiwa iliundwa na mchomeleaji wa jua kali juu ya ekseli ya lori lililokufa, najua mapema kwamba hata rangi za nyaya zitanidanganya. Nimefanya kazi ya umeme wa magari Kitale na baadaye Bungoma tangu ujana, na kama kuna jambo ninaloweza kulisimamia mbele ya fundi yeyote ni hili: nyaya za trela hazifuati kitabu cha kiwanda, zinafuata watu walioimiliki. Asiyewajua watu hao atanunua bulbu mpaka mfuko uishe.

Mambo yalianza bila umeme. Walowezi waligawiwa mashamba Trans Nzoia, wachache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wengi zaidi kuanzia 1919, serikali ya kikoloni ilipowapa ardhi wanajeshi wake waliorudi vitani. Mahindi yao yalitoka mashambani kwa magari ya kukokotwa na maksai. Reli ilifika Eldoret 1924, na tawi la kutoka Leseru likaingia Kitale 1926. Kuanzia hapo Kitale ikawa mwisho wa reli, na mji wa namna hiyo huishi kwa magurudumu, kwa sababu kila gunia lililopandishwa kwenye behewa lilikuwa limeburutwa na kitu kutoka Kwanza, Saboti au Cherangany. Mwanzoni walikuwa maksai, baadaye likawa trekta. Wazee niliowakuta gerejini walikuwa wakisimulia kwamba gari la ng'ombe lililochelewa njiani lilitundikwa chemli nyuma, na kijana mmoja akatembea kando yake ili upepo usiizime. Kwangu mimi huyo kijana ndiye fundi wa kwanza wa taa za trela sehemu hizi, ingawa mshahara wake sidhani ulikuwa wa fundi.

Hata kampuni iliyokuja kututia nyaya ilianzia kwenye mafuta ya taa. Joseph Lucas wa Birmingham aliuza mafuta ya taa barabarani, akaingia kwenye taa za baiskeli katika karne ya 19, na mwishowe jina Lucas likawa limechapwa kwenye dinamo, swichi na visanduku vya fyuzi vya karibu kila gari la Kiingereza lililopanda mpaka huku: Land Rover, Fordson Major, Ferguson ya kijivu, na Massey Ferguson nyekundu iliyoifuata. Ukifungua dashibodi ya gari la aina hiyo leo, kama halijachezewa sana, utakuta lugha ileile ya rangi. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto. Kijani chenye mstari mweupe ni ya kulia. Kijani chenye zambarau kinakwenda taa za breki, chekundu kitupu kinakwenda taa ndogo za nyuma. Cheusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Namwomba msomaji aushike huo weusi, maana nitaurudia.

Kwenye gari la zamani waya mmoja tu ndio unaokwenda kwenye bulbu. Umeme ukishapita ndani ya bulbu hauna waya wa kurudia: unarudi kwa bodi, chesisi, na ule mkanda mzito unaofunga chesisi kwenye betri. Mpango huo uliokoa shaba nyingi, na kwa gari lililo kipande kimoja haukuwa na ubaya. Trela si kipande kimoja na trekta. Kati yao kuna pini ya kuvutia, iliyopakwa grisi, iliyojaa vumbi na kutu. Matrela ya mashamba ya zamani niliyoyakuta Kitale mengi yalikuwa na nyaya mbili au tatu tu kutoka kwenye trekta, bila waya wa ethi hata mmoja. Fundi aliyezifunga alitegemea pini ile irudishe umeme. Ilirudisha pale trekta lilipokuwa likivuta kwa nguvu na chuma kimebana chuma. Likianza kuteremka na trela ikalisukuma, pini inalegea ndani ya tundu lake, na taa zinazimika palepale, tena mteremkoni. Dereva hawezi kuona. Taa ziko nyuma yake.

Ethi mbovu haizimi taa tu, inazichanganya. Bulbu ya nyuma ya kawaida ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo, na zote mbili zinatumia njia moja ya kurudi. Njia hiyo ikikatika, umeme wa breki uliokwisha kupita kwenye uzi wake hutafuta mahali pengine pa kutokea, kama ng'ombe anayezunguka ua akitafuta pengo: unaingia kwenye uzi wa wati 5 kwa nyuma, unapanda waya wa taa ndogo, unashuka kwenye bulbu nyingine zilizo na ethi nzima. Ndipo utakapoona maajabu. Unakanyaga breki, taa za namba zinawaka. Unawasha indiketa ya kushoto, taa ndogo zote zinapepesa pamoja nayo kwa unyonge. Mwenye trela anaapa kwamba trekta limerogwa, au kwamba swichi ya indiketa imekufa, na kuna fundi atakayemuuzia swichi.

Niliingia gerejini Kitale 1974, mwaka ambao Joginder Singh alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer. Nautaja ushindi huo kwa sababu gerejini kwetu ulikuwa sikukuu. Mafundi wakubwa wa mji walikuwa Masingasinga, sisi tukiwaita Makalasinga, na mwenzao aliyekuwa akiitwa Simba wa Kenya alikuwa amewashinda tena Wazungu waliokuja na magari ya viwanda. Vijana wa Kiafrika tulikuwa wa kushika tochi na kupitisha spana. Umeme wa magari ulikuwa haufundishwi, unaibwa kwa macho, na aliyenikubalia nimwibie alikuwa mzee mmoja mkali aliyekuwa na sentensi moja tu kuhusu matrela. "Usinionyeshe bulbu mpya," alikuwa akisema, "nionyeshe chuma safi." Alichokwaruza kwa msasa kilikuwa kidogo, upana wa sarafu: mahali kikombe cha taa kinapofungwa kwenye chuma cha trela, na mahali waya wa ethi unapokutana na chesisi. Akishafunga bolti alipaka grisi juu, kamwe si kabla. Grisi ikitangulia inakaa kati ya chuma na chuma, na baada ya mvua za masika kazi inarudi.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa bulbu ya wati 21 iliyosolderiwa nyaya mbili ndefu, basi. Hadi leo ndicho ninachotumia, na vijana wenye mita za kidijitali hucheka. Siku moja kijana ninayefanya naye kazi aliniambia, "Mzee, hapa umeme upo, mita inasoma 12." Nikamwambia aiwashe bulbu yangu palepale. Haikuwaka, ilitoa wekundu kidogo ndani ya uzi na kukoma. Waya ule ulikuwa umebaki na uzi mmoja wa shaba ndani ya plastiki. Mita haili umeme wowote wa maana, kwa hiyo uzi mmoja unatosha kuidanganya. Bulbu ya wati 21 inataka karibu ampea 2, na hapo uwongo unafichuka. Trela ikiwasha breki zote mbili, taa ndogo na indiketa ya upande mmoja, ni karibu ampea 6, na zote zinarudi kwa waya mmoja wa ethi. Mafundi wengi huweka waya mwembamba kuliko zote hapo hapo, eti kwa sababu hauendi kwenye taa yoyote.

Kazi yenyewe, basi, ina mpangilio wake. Kwanza chomoa trela na upime soketi ya trekta peke yake, tundu moja baada ya jingine, kwa bulbu. Soketi ikiwa nzima, ugonjwa uko upande wa trela, na kabla ya kufungua chochote chomeka trela tena, washa taa, kisha chukua waya mnene, shika kichwa kimoja kwenye ncha ya betri ya upande wa ethi na kingine kwenye chuma kitupu cha trela. Taa zikiamka zote kwa pamoja, umeshapata jibu, na hukununua kitu. Nusu ya kazi zilizoniletea chakula zimeishia hapo.

Niseme kuhusu upande wa betri, kwa sababu vijana hawaujui na wazee wameusahau. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1940, 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi. Ferguson ya kijivu, Fordson Major na Land Rover za mwanzo ziko hivyo. Ilidhaniwa kwamba kufanya hivyo kunapunguza kutu na kusaidia cheche za plagi. Katikati ya miaka ya 1960 viwanda vilianza kugeuza, hasi ikaja kwenye bodi, na sababu kubwa ni kwamba redio za transista na alteneta zilikuwa zinaingia, na diodi za alteneta hufa mara moja betri ikifungwa kinyume. Kitale mageuzi hayo yalifika kwa mafungu. Shamba moja lingeweza kuwa na Fordson ya chanya na Massey ya hasi zikipokezana trela moja, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa bulbu ya uzi haijali umeme unaingia upande gani. Kwa miaka mingi ilikuwa habari ya kuwapimia wanafunzi tu. Imerudi kuwa tatizo juzi, na nitafika hapo.

Wakati huohuo trela zilikuwa zinabadilisha mikono. Mpango wa ekari milioni moja ulianza 1962 kununua mashamba ya walowezi na kuyakata. Shirika la serikali la ADC liliundwa 1965 na kuchukua mashamba makubwa mengi ya Trans Nzoia. Mahindi ya haibridi ya Kitale nayo yaliingia kwa wakulima, ile 611 ikitolewa 1964, na mavuno yaliyopanda yalihitaji kubebwa. Walowezi walioondoka waliuza vyombo vyao kwa mnada, trekta kwa huyu, trela kwa yule. Hapo ndipo naona chanzo cha nusu ya vurugu tunazozitibu mpaka leo. Shambani trekta na trela zilifungiwa nyaya pamoja na mtu mmoja, na hata kama alizifunga kwa rangi za kichwani mwake zilielewana. Mnadani zikatenganishwa. Trela ilikwenda Kiminini, trekta Moi's Bridge, iliyokuwa bado ikiitwa Hoey's Bridge, na kila moja ikakutana na mwenzake asiyeijua.

Ugonjwa wa Kitale, niupe jina hilo, ni ugonjwa wa kupumzika. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hivi; trela hufanya kazi kwa wiki kadhaa, halafu husukumwa chini ya paa la mabati hadi mwaka mwingine. Ndani ya miezi hiyo panya waliofuata punje zilizobaki hutafuna plastiki ya nyaya, na ule ubaridi wa asubuhi wa chini ya Mlima Elgon huweka umande ndani ya vikombe vya taa. Ukifungua kikombe utakuta kitako cha bulbu kimeota unga mweupe na kijani, na mara nyingine kiota. Waya uliotafunwa hulala juu ya chuma na kupiga shoti mara taa zinapowashwa. Kwenye magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo taa ndogo hazikupitia fyuzi kabisa, kwa hiyo kinachoungua ni waya wenyewe, kuanzia nyuma hadi kwenye dashibodi, na moshi unaingia kwa dereva. Zile zilizokuwa na fyuzi, fyuzi ya kioo ikikatika ilifungwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimezitoa nyingi. Karatasi hiyo haikatiki mpaka kitu kingine kikatike kwanza.

Nilihamia Bungoma kwa sababu ya sukari. Kiwanda cha Mumias kilikuwa kimefunguliwa 1973, na kampuni ya Nzoia iliyoundwa 1975 ilianza kusaga miwa 1978 pale Bukembe, kati ya Bungoma na Webuye. Ghafla barabara iliyokuwa imezoea malori ya Uganda na magogo ya kiwanda cha karatasi cha Webuye ikajaa trekta za miwa. Nilikodi kibanda Kanduyi, njia panda, na kazi haikukatika.

Ugonjwa wa Bungoma ni kinyume kabisa cha ule wa Kitale: ni wa kutopumzika. Kinu hakilali, na miwa ikikatwa inaanza kupoteza sukari, hivyo inasombwa usiku na mchana. Trekta haingoji trela ijazwe. Inaacha tupu shambani, inachomoa, inachukua iliyojaa, na hivyo plagi inayochomekwa mara moja kwa msimu kule Kitale hapa huchomekwa na kuchomolewa kila safari, na aliye na haraka, mikono imejaa majivu ya miwa iliyochomwa. Mara nyingi haichomolewi kabisa. Dereva huondoka, na waya unakatika wenyewe. Plagi iliyosahaulika huburutwa kwenye lami mpaka pini zake zinalainika upande mmoja. Maji ya miwa yanayochuruzika yanaingia humo, yanachachuka, na shaba inakuwa kijani ndani ya wiki chache. Halafu mabua yenyewe: yanatokeza nyuma ya trela kwa urefu wa mkono, yanafunika taa hata kama zinawaka, na yakishushwa yanazipiga. Wachomeleaji wa Bukembe na Kanduyi walijifunza kuzificha taa ndani ya chuma cha umbo la U kilichochomelewa chini ya bodi. Ubunifu huo haumo kwenye kitabu chochote cha kiwanda, na kwa maoni yangu ndio mchango mkubwa kuliko wote ambao sehemu hii imetoa kwa taa za trela.

Trela moja, basi, ilivutwa na trekta tofauti asubuhi na jioni. Sasa rangi na namba za plagi zikawa na maana ya uhai. Plagi ya pini saba ya magari ya volti 12 ina utaratibu wake: namba 1 ya njano ni indiketa ya kushoto, 3 nyeupe ni ethi, 4 ya kijani ni indiketa ya kulia, 5 ya kahawia ni taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu ni breki, 7 nyeusi ni taa ndogo ya kushoto. Namba 2, ya buluu, kwetu hukaa tupu au hupewa kazi yoyote. Malori ya volti 24 yana plagi inayofanana nayo kwa mbali, lakini ethi yake nyeupe iko namba 1 na indiketa ya kushoto iko namba 3. Lori kubwa likifa, plagi, ekseli na taa zake huhamia kwenye trela ya trekta. Hapo unapata ethi ya trela imekutana na indiketa ya trekta, na bulbu za volti 24 zikiwaka kwa betri ya volti 12, wekundu hafifu kama kaa linalozima. Mwenye trela anakuambia alteneta haichaji.

Na sasa ule weusi. Kijana aliyefunzwa kwa nyaya za Lucas, ambako cheusi ni ethi, akipewa kebo mpya ya trela ya nyaya saba, mkono wake wenyewe unaupeleka waya mweusi kwenye chesisi. Kwenye kebo ya trela mweusi ni taa ndogo ya kushoto. Anapochomeka plagi na kuwasha taa, taa ya nyuma ya trekta imeshafungwa moja kwa moja kwenye chuma, na kwa trekta lisilo na fyuzi upande huo tayari kuna moshi. Fundi wa nyumba akija kusaidia, yeye anajua kijani ndicho cha ardhini, na kijani hapa ni indiketa ya kulia. Magari ya Toyota yalipokuja yalileta ethi nyeupe yenye mstari mweusi. Kila mmoja alikuwa sahihi alikotoka. Karibu kila kebo iliyoungua niliyoipokea Kanduyi katika miaka ya 1980 ilianzia kwenye waya huo mweusi, na nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wafunge tepu nyeupe kwenye ncha zote mbili za ethi kabla hawajagusa kitu kingine.

Spea katika miaka hiyo zilikuwa adimu. Bidhaa za nje zilihitaji leseni, fedha za kigeni hazikutosha, na plagi halisi ya pini saba ilikuwa kitu cha kutafuta Kitale, Eldoret, hata Nairobi. Tukajifunza kuishi bila plagi: nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, zikikatwa na kusokotwa upya kila trela inapobadilishwa, mpaka zikawa fupi na kuvutika trekta linapokata kona. Serikali ilianza kuwatambua mafundi wa jua kali waziwazi mwaka 1986, ikaandika sera, na mabanda yakaezekwa sehemu nyingi nchini. Paa ni jambo jema. Plagi zingetusaidia zaidi.

Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari ya mitumba ya Japani yakaja, na pamoja nayo flasha za kielektroniki. Mimi nilikuwa nimezoea flasha za zamani zinazofanya kazi kwa joto. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto na umeme wa indiketa wenyewe, kinajikunja, kinakata, kinapoa, kinarudi. Ukiongeza trela, umeme unazidi na mdundo unakwenda mbio. Bulbu moja ikiungua, mdundo unakuwa wa kivivu au taa inaganda bila kupepesa. Niliweza kusikia kutoka ndani ya kibanda kwamba trekta linalopita barabarani lina bulbu iliyokufa. Flasha ya Kijapani hufanya kinyume: bulbu ikifa ndipo inapokimbia. Kwa muda fulani mafundi wa umri wangu na vijana wetu walisikia sauti ileile na kutoa majibu mawili yanayopingana, na wateja wakachagua fundi waliyemwonea huruma.

Halafu zikaja taa za LED, rahisi, zenye kung'aa, zinazouzwa hadi soko la Chwele. Kwa trela ya miwa ni nafuu kubwa, hazina uzi wa kukatika kwa mtikisiko na zinakula umeme kidogo. Ila LED inajali upande wa kuingilia. Juzi kijana alinunua jozi mpya, akazifunga kwenye trela inayovutwa na Fordson ya babu yake, trekta ambalo halijageuzwa upande wa betri tangu litoke Uingereza, na hazikuwaka. Akazirudisha dukani, akapewa nyingine, hazikuwaka. Aliponiletea nikatazama betri tu: ncha ya chanya ilikuwa imefungwa kwenye chuma. Lile somo la gerejini Kitale, nililodhani limekufa pamoja na aliyenifunza, likampa taa. Nyaya za taa hizo mbili tulizigeuza, na kwa kuwa vikombe vyake vilikuwa vya plastiki hatukuhitaji kugusa kingine. Zingekuwa za vikombe vya chuma tungelazimika kuligeuza trekta zima, na dinamo ya umri ule unaigeuza kwa maombi. Indiketa nayo haikupepesa: flasha ya joto haipati umeme wa kutosha kutoka kwa LED. Tukamwachia bulbu za uzi upande huo.

Sheria imekuwa ikifuata nyuma ya haya yote kwa mwendo wake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kutumika 1954, na tangu siku hizo taa za nyuma ni lazima kwa trela. Kanuni za waziri Michuki zilizoanza kushika Februari 2004 zilitikisa matatu kwa mikanda na vidhibiti mwendo, trekta za miwa zikapita pembeni. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ikaundwa 2012. Kile ambacho naona kimeshinda barabarani ni reflekta. Haina waya, haina ethi, haiibiwi kwa ajili ya shaba, na askari akiipiga tochi inang'aa. Mimi nina kinyongo nayo. Reflekta inang'aa ikimulikwa tu, na pikipiki yenye taa dhaifu inayotoka Bungoma kwenda Bukembe usiku inaifikia kabla ya kuimulika vizuri. Tena haisemi kama trekta linafunga breki. Lakini nikiwa mwenye trela, nami ningeinunua kwanza.

Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 ilikuja kupunguza wizi, kwa sababu kebo ya trela iliyolala nje usiku mmoja ni shaba ya kuuza asubuhi. Tangu hapo wateja wangu wengi hawataki tena nyaya za kudumu kwenye trela. Nimewatengenezea ubao: kipande kimoja cha mbao chenye taa mbili za LED, namba ya trela inayoanza na Z, kebo ya nyaya saba na plagi. Unafungwa nyuma kwa ndoano mbili jioni na kulala ndani ya nyumba. Ethi yake iko kwenye waya, haitegemei chuma cha mtu yeyote. Mwaka 2025 Nzoia ilipokodishwa kwa mwekezaji binafsi na trekta zikaanza kuulizana kazi upya, nilipata oda nyingi za mbao hizo kuliko msimu wowote. Vijana wananiomba niwafundishe kuzifunga. Ninachowapa kwanza ni msasa, tepu nyeupe na bulbu ya wati 21, kisha nawatuma nje wapime trela yoyote iliyoegeshwa Kanduyi na waniambie iliwahi kuwa ya nani.